Vipimo Kumi na Moja Nyuma ya Mlima

Jumatatu, 3 Februari

Mdogo wangu Kasuku,

Najua simu ingefika haraka zaidi. Lakini kwa simu ungenikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, kama ulivyonikatiza tangu ukiwa na miaka minne, na mimi ningeshukuru kukatizwa, tukaishia kuzungumzia dawa na hali ya hewa. Barua haikatizwi. Isome mpaka mwisho, kisha unijibu utakavyo.

Hali yangu ni hii: moyo umechoka. Daktari alitumia jina la kitaalamu. Nikamwomba anionyeshe picha, nikaona mwenyewe, kama fundi anavyoiona mashine iliyomaliza kazi yake. Alisema ni miezi. Hakusema mingapi, nami sikumlazimisha akisie. Silalamiki. Nina miaka sabini na tisa, chumba changu kina dirisha linalotazama mlima, na muuguzi hunijia asubuhi na alasiri, akanigeuza kama godoro linaloanikwa. Ana subira kuliko mimi nilivyostahili.

Sasa jambo lenyewe. Wewe unaukumbuka mwisho wake. Mimi nakueleza mwanzo.

Unakumbuka mwaka ule watu wa takwimu walipokuja kituoni. Redio mjini zilikuwa mbili, sisi na wale wa ng'ambo ya barabara, na wenye biashara walichoka kuambiwa na kila upande kwamba ndio unaosikilizwa. Wakataka ushahidi. Watu wa takwimu wakaja na madaftari yao ya kijani: kila nyumba iliyochaguliwa iandike kwa wiki nzima, kila robo saa, inasikiliza nini. Ila daftari halikupelekwa mahali ambapo redio haifiki, ingekuwa kupoteza karatasi. Kwa hiyo kwanza walihitaji ramani ya usikivu, mstari unaoonyesha mawimbi yetu yanaishia wapi. Mstari huo niliuchora mimi.

Nilitakiwa kupima sehemu sitini. Kazi haikuwa ngumu. Unasimamisha gari, unainua mlingoti wenye antena, unasoma mshale wa kipimo cha mawimbi, unaandika namba, unashusha mlingoti, unakwenda kilomita tano, unarudia. Dereva alikuwa yule tuliyemwita Breki kwa sababu hakuwahi kuzikanyaga. Yeye alishika mlingoti huku anaimba, mimi nikasoma. Kwa siku tatu tulipima arobaini na tisa. Zilibaki kumi na moja, zote bondeni, nyuma ya mlima.

Sikwenda. Niliketi kwenye meza ya nyumba ya wageni, nikatoa penseli na kitabu, nikakokotoa: mlima una urefu huu, mnara wetu uko hapa, kwa hiyo bonde lote liko kivulini. Nikajaza namba kumi na moja kana kwamba nimezisoma kwenye mshale. Kwenye nafasi ya maelezo nikaandika "barabara haipitiki." Barabara ilikuwa imesawazishwa mwezi uliotangulia. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwetu. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimerudi kutoka masomoni mwaka mmoja tu kabla, nikiamini kwamba mtu aliyesoma hana haja ya kwenda kuangalia.

Bonde likawa nje ya mstari. Hakuna daftari hata moja lililovuka mlima. Na kipindi chako cha saa kumi alasiri, Saa ya Walio Nyumbani, wakati mjini watu wako kazini au wamefungulia muziki wa wale wa ng'ambo ya barabara, kikapata sifuri. Baada ya mwezi mmoja kikafungwa, ukaondoka na mfuko wako wa kanda.

Mawimbi yalikuwa yanafika kule. Mlima wenye ncha kali hauzuii yote. Mengine hupinda juu ya ncha na kushuka upande wa pili, kama maji yanayomwagika ukingoni mwa sinia. Maelezo hayo yamo kwenye kitabu kile kile, sura mbili mbele ya pale nilipoishia.

Walikuwa wanakusikia. Hilo ndilo nililotaka ulijue kabla sijaenda.

Kaka yako,
Waya


Jumatano, 12 Februari

Kaka Waya,

Nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba bado begani.

Pole kwa moyo. Nimekasirika, na nakuambia wazi kwamba nimekasirikia hilo la kunificha ugonjwa kuliko la ramani. Umejua tangu lini? Usinijibu, najua utasema hukutaka kunisumbua. Nina miaka sabini, nyumba nzima ni mimi na saa ya ukutani. Nisumbue.

Kuhusu ramani, kaka, umejibebesha mzigo wa miaka thelathini na nne kwa uvivu wa alasiri moja? Kama kila aliyewahi kuandika "barabara haipitiki" angekuwa anaandika barua za namna hii, posta wangehitaji magari zaidi. Mimi mwenyewe baada ya redio nilifanya kazi ya kipaza sauti kituo cha mabasi miaka ishirini na miwili, na nilishasema "basi linaingia sasa hivi" hali najua dereva bado anaoga. Na huko sikuwahi kupata sifuri. Marehemu shemeji yako alikuwa akisema mimi ndiye mtangazaji pekee nchini ambaye wasikilizaji wake wote wana mizigo.

Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Ukiambiwa una wasikilizaji wachache, unaweza kuwalaumu waliokosa. Ukiambiwa hakuna hata mmoja, unaanza kujiuliza ulikuwa unazungumza na nani muda wote ule. Kwa miezi kadhaa hata hapa nyumbani nilikuwa nasema kwa ufupi. Shemeji yako alidhani tumegombana.

Lakini nilikuwa na jibu, na jibu hilo ndilo lililonisimamisha. Nilikuwa nazungumza na wewe. Kila alasiri ulikuwa kwenye chumba cha mitambo, kule kwenye kilima cha mnara, na spika ya chumba kile haizimwi. Ulinieleza mwenyewe kwamba ndiyo sheria ya kazi, fundi lazima asikie kinachotoka. Basi nikasema, hata wakinipa sifuri, kaka yupo.

Ndiyo maana siku ya mwisho niliweka karatasi zangu kando, nikasema na wewe peke yako. Dakika kumi, bila muziki. Mambo ambayo ana kwa ana nisingeweza. Uliposhuka jioni nilikuwa nakusubiri pale ngazini. Ukanisaidia kubeba mfuko wa kanda, ukasema mvua itanyesha. Nikajiambia, Waya ndivyo alivyo, ameyapokea kimya kimya. Sikukuuliza tena.

Sasa nauliza, kwa kuwa wewe ndiye uliyeanza kufukua. Uliyaonaje yale niliyoyasema?

Mdogo wako,
Kasuku


Jumanne, 18 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako ilinipa siku moja ya raha. Nilimsomea muuguzi ile ya dereva anayeoga, akacheka mpaka akakaa. Nikafikiri, acha hapo hapo. Amesamehe na mambo yameisha vizuri, geukia ukuta ulale.

Lakini umeniuliza swali. Nikilijibu kwa uongo nitakuwa nimejaza kipimo cha kumi na mbili.

Sikusikia. Siku ile ya mwisho, na siku zote kumi na nane zilizoitangulia, saa kumi ilipofika niligeuza kitufe cha spika mpaka mwisho wa kushoto. Nikabaki natazama mshale wa mtambo unaoonyesha sauti. Ulikuwa unacheza wewe ukizungumza na kutulia ukivuta pumzi. Siku ya mwisho niliuona ukicheza dakika kumi bila muziki. Nilijua unasema jambo. Sikufungua.

Sababu ni hii. Katika barua ya kwanza nilikuambia kosa langu, sikukuambia nililijua lini. Ulidhani ni miaka mingi baadaye, nami niliiandika ili udhani hivyo.

Breki aliniambia siku ile ile, mezani, penseli ikiwa mkononi mwangu. Wakwe zake walikuwa bondeni. Akasema, "Bosi, kwa wakwe zangu redio yetu ndiyo saa ya ukutani. Dada yako akianza, mama mkwe haniruhusu hata kukohoa." Nikamjibu kwamba mama mkwe wake hajasomea mawimbi. Tulicheka wote wawili, yeye kwa adabu.

Kisha matokeo yakatoka, ikatangazwa kwamba kipindi kinafungwa. Breki akaenda likizo kwa wakwe zake. Aliporudi aliniletea ofisini furushi la barua lililofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Arobaini na tatu, zote zimeandikwa jina la kipindi chako. Akasema, "Mpe dada, halafu mwonyeshe meneja. Hizi ni zaidi ya sifuri." Nilizipokea kwa mikono miwili.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane. Wiki hiyo hiyo jina langu lilikuwa mezani kwa meneja, niwe mkuu wa mitambo. Ningempelekea barua zile angeuliza zimetoka wapi, angefungua ramani, angesoma "barabara haipitiki," angemwita dereva. Niliyaona yote hayo kwa haraka kuliko nilivyoukokotoa mlima. Nikaziweka ndani ya sanduku la kipimo, nikalifunga kwa ufunguo. Kwenye kikao cha kuthibitisha kufungwa kwa kipindi chako meneja alipouliza kama kuna mwenye la kusema, nilisema takwimu ni takwimu. Ulikuwa umekaa kiti cha pili kutoka mlangoni. Ulinitazama ukatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimekusaidia kuelewa.

Nikapata ukuu wa mitambo. Breki alifariki akiamini nilikupa barua zako.

Sikuzisoma. Bahasha zote bado zimefungwa. Sanduku linakuja kwa basi la Alhamisi, ufunguo nimeubandika chini yake. Nilikuwa nimeandika ombi hapa mwishoni, nikalifuta.

Waya


Jumatatu, 24 Machi

Shikamoo mama,

Mimi ni muuguzi wa kaka yako. Yeye hajui kwamba ninakuandikia, na akijua ataninunia siku mbili, lakini nimeshazoea.

Amepungua. Anakula vijiko vitatu vinne. Mkono wa kulia unatetemeka, kalamu haikai tena. Akili yake ni nzima kabisa. Juzi alinisahihisha namna ya kupanga betri za saa.

Hanielezi kuna nini kati yenu, nami siulizi. Ila nikiingia hutazama mikono yangu kabla ya uso, aone kama nina bahasha. Saa kumi ikifika huniomba nifungue dirisha, kisha hutazama mlima mpaka saa kumi na moja. Mzigo tulioutuma ulipokelewa, karatasi ya basi ina sahihi yako. Kama jibu ni baya, mama, mimi naona afadhali lifike hivyo hivyo.

Samahani kwa kuingilia.

Muuguzi


Jumatatu, 14 Aprili

Kaka,

Sikuandika kwa sababu kila nilichoanza kiligeuka barua ya kukuzika ukiwa hai. Nimechana sita.

Nilifungua bahasha moja kila siku, saa kumi, siku arobaini na tatu. Sikutaka kuzimaliza kwa pupa. Barua ya muuguzi ilinikuta kwenye ya thelathini na tatu, nikamwambia moyoni asubiri. Na wewe pia nikakuambia usubiri. Nilitaka ujue kidogo ladha yake.

Kuna mwanaume aliyeanguka kutoka kwenye paa, alikuwa ameshalala chali miaka mitatu. Unakumbuka katikati ya kipindi nilikuwa nasema, "Mliolala, geukeni upande mwingine kidogo"? Meneja aliniambia ni maneno ya kupoteza muda. Huyu ameandika: ukisema, nageuka. Kuna mwanamke ambaye mumewe alikuwa hamsemeshi tangu miaka miwili kabla ya hapo, anasema sauti pekee ya mtu mzima iliyokuwa inaingia nyumbani mwake mchana ni yangu. Kuna mwalimu aliyeuliza ni nani sasa atakayewaambia kwamba saa kumi imefika.

Na kuna moja, ya ishirini na sita, haina hata salamu. Imeandikwa "Tupo. Nyumba saba," na chini yake alama saba za dole gumba.

Hiyo ndiyo iliyonishinda. Kwa sehemu yangu ningeweza kumeza. Mimi nilipata kazi nyingine, nilikuwa na mume mcheshi, nikazeeka. Lakini hawa walikuambia wapo, kaka. Watu saba walichovya dole gumba kwenye wino kusema wapo, ukawafungia ndani ya sanduku kwa sababu ya kiti. Siku hiyo nilikutukana kwa sauti, jirani akaja kuuliza kama nina mgeni.

Wiki iliyopita nilikwenda bondeni. Barabara inapitika.

Niliposhuka nilimwuliza muuza matunda njia ya zahanati, ndiyo anwani iliyokuwa kwenye bahasha nyingi. Kulikuwa na mwanamke wa rika langu kando yake, amenipa mgongo, anachagua ndimu. Akasema bila kugeuka, "Saa kumi imefika, walio nyumbani." Maneno yangu ya kufungulia kipindi. Nilishika nguzo ya kibanda. Ndiye yule wa mume asiyesema. Mume amefariki, anasema siku za mwisho alianza kuongea sana, ikawa kero. Alinipeleka kwake, tukakaa mpaka jioni. Siku ile ya mwisho alikuwa anasikiliza. Yale niliyokuambia wewe, yeye anayo yote, neno kwa neno. Mimi nilikuwa nimesahau nusu.

Wana redio yao ndogo sasa, chumba kimoja kando ya zahanati, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Fundi wao ni mwanamke kijana mwenye kalamu sikioni. Nilimwambia nina ndugu upande wa pili wa mlima. Akaniambia mawimbi yao hayavuki, akanionyesha ramani. Nikamwuliza kama amepima. Akacheka, akakiri kwamba amekokotoa.

Nimebaki huku kwa huyu mwenzangu. Ijumaa tarehe 25, saa kumi, nimepewa dakika kumi. Nitasema yale yale niliyoyasema nikiamini unasikia. Sitaongeza wala kupunguza, ingawa mengine sasa yananichoma ulimi. Halafu mwishoni nitaongeza neno moja la leo, langu kwako. Sitakuandikia. Kilichosemwa redioni utakisikia redioni, au hutakisikia. Masafa ya redio yao nimeyaandika nyuma ya bahasha.

Naomba kitu kimoja tu. Usiniandikie kwamba umesikia kama hukusikia.

Dada yako


Ijumaa, 25 Aprili, saa kumi na mbili jioni

Mdogo wangu,

Mkono wangu umegoma. Mimi ninasema, muuguzi anaandika. Ameahidi kuandika kila neno na kutoongeza huruma yake.

RIPOTI YA USIKIVU

Mahali: chumba changu, kitanda kimesogezwa dirishani.

Kifaa: redio ndogo ya betri ya muuguzi. Antena ya nyaya mbili za shaba, kila mmoja sentimita sabini na tano, zimefungwa kwenye mti wa ufagio. Vipimo vya nyaya nilivikokotoa, kisha tukazikata na kuzipima kwa rula.

Mshika antena: muuguzi, amesimama juu ya kiti nje ya dirisha. Jirani ameuliza kama tunafukuza popo.

Hali ya hewa: mawingu, hakuna upepo.

Dakika ya kwanza na ya pili: mvumo tu. Nilimwambia muuguzi asogee kushoto kidogo.

Dakika ya tatu: sauti. Niliijua kabla ya maneno. Maneno yaliyosikika: "redio ya baba ilipoharibika, ukaifungua yote juu ya mkeka." Kisha mvumo.

Dakika ya nne: "nilikuwa na miaka sita. Ukaing'oa spika, ukaifunga waya mrefu, ukanipa, ukasema zungumza humu, mimi naenda nyuma ya nyumba."

Dakika ya tano: "ukarudi unakimbia, ukasema umesikia kila neno. Kaka, wewe ndiye mtu wa kwanza." Hapo ikakatika.

Dakika ya sita: hakuna kitu.

Dakika ya saba: "kwa hiyo wakisema hakuna anayenisikia, mimi najua wamekosea kwa mtu mmoja."

Hapa naweka maelezo ya msikilizaji. Mshale niliokuwa nautazama siku ile, na kitufe kikiwa kushoto, ulikuwa unacheza kwa maneno hayo. Sina la kuongeza.

Dakika ya nane: muuguzi alipiga chafya, antena ikayumba. Hakuna kitu.

Dakika ya tisa: safi kabisa, kama uko chumbani. "Mliolala, geukeni upande mwingine kidogo." Niligeuka. Peke yangu. Muuguzi ni shahidi.

Dakika ya kumi: ulivuta pumzi. Pumzi niliisikia. Kisha mvumo mpaka mwisho.

Neno la leo halikunifikia. Muuguzi alisema bila shaka lilikuwa neno jema, nikamwambia alifute, amelifuta. Hatukulisikia. Sikulikisia kuwa jema, sikulikisia kuwa baya. Nafasi yake kwenye ripoti hii nimeiacha wazi, hapa chini, mistari miwili.



Kwa jumla: mawimbi yanavuka mlima. Mwambie fundi asahihishe ramani yake.

Nyongeza. Uliniomba nisiseme nimesikia nisichokisikia, na ombi hilo limenirudisha nyuma zaidi ya ulivyotaka. Siku ile nyuma ya nyumba, nilikuwa na miaka kumi na mitano, niliweka sikio kwenye redio na sikusikia kitu. Kiungo cha waya kilikuwa kimeachia, nilikiona baadaye. Nilirudi mbio nikakuambia nimesikia kila neno kwa sababu ulikuwa umesimama pale mkekani umeshika spika kwa mikono miwili, unanitazama. Kama hapo ndipo nilipojifunza kuandika namba ambazo sijazisoma, basi ujue na hilo. Hiyo ndiyo ya mwisho. Sina nyingine.

Imesainiwa kwa mkono wangu, ndiyo maana imepinda.

Waya


Jumanne, 29 Aprili, kwa mkono wa kondakta

Kaka Waya,

Ripoti yako imenifikia asubuhi hii. Tumeisoma watatu, mimi, mwenzangu na fundi. Fundi amechukua penseli, ameurefusha mstari kwenye ramani mpaka dirishani kwako, akaandika tarehe na kando yake neno "imepimwa."

Dakika ya kumi iache wazi vile vile. Asiijaze mtu. Nakuja kuijaza mwenyewe. Nimekata tiketi ya basi la Alhamisi, linalotakiwa kufika saa sita. Mimi niliyetangaza mabasi miaka ishirini na miwili nakuambia, nitegemee saa kumi.

La nyuma ya nyumba lisikuzuie kulala. Nililijua siku ile ile. Ulipoondoka na waya nilishikwa na haya, nikasimama nimefumba mdomo na spika mkononi mpaka uliporudi. Sikusema neno hata moja. Wewe ukaja mbio na kuniambia umesikia kila neno. Nilikutazama, nikaona unataka sana iwe kweli, nikaamua kwamba kuanzia kesho nitasema.

Sasa wewe muuguzi, mwanangu. Najua kondakta ataikabidhi barua hii kwako, na najua hali aliyonayo kaka. Ikiwa ukifika amelala, msomee tu, polepole, upande wa sikio la kushoto. Usingoje aamke. Mimi nimezoea kuzungumza bila kujua kama kuna anayesikia.

Kasuku